Hali, halali, hasikii: ni treni tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Karakata, Dar es Salaam. Wa kwanza ni wa kike, yuko darasa la pili, na tangu azaliwe hakunipa shida. Aliyenifanya nishike kalamu ni huyu wa pili, wa kiume. Ana miaka miwili na miezi tisa.

Nyumba tuliyopanga iko karibu na reli, kiasi kwamba treni ya Pugu ikipita vyombo vinalia kabatini. Tulihamia hapa akiwa na mwaka mmoja na nusu, na tangu wiki ile ya kwanza hana habari na kitu kingine. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka, amekaa kitandani anasikiliza. Honi ikilia kwa mbali ananivuta mkono: "Mama, teni! Teni inakuja! Twende!" Nisipokwenda anajitupa chini, anagaragara, anagonga kichwa sakafuni, anauma. Hapa ninapoandika nina alama ya meno yake mkononi.

Kila kitu kwake ni mabehewa: vijiko, kandambili za wageni, viazi ninavyotaka kumenya. Ukiondoa kiazi kimoja cha katikati umeanzisha vita. Hali mpaka akae mlangoni anakoona upande wa reli. Kumwogesha ni mieleka. Mchana halali, anaogopa treni itampita. Juzi tumo kwenye daladala tukapita kwenye kivuko cha reli, treni haipo. Alianza kulia pale pale, "teni iko wapi?", na hakunyamaza. Konda akaniuliza mtoto huyu nimemlea vipi, abiria wakacheka. Nilishuka vituo viwili kabla ya ninakokwenda.

Asubuhi nauza chai na vitumbua mbele ya nyumba. Mwezi uliopita nilikuwa nageuza vitumbua, mlango wa uani umerudishwa tu bila kufungwa. Kugeuka, hayupo. Kijana mmoja wa bodaboda akaja amembeba. Alimkuta amesimama kwenye kokoto, karibu kabisa na mataruma, ameinua mwiko wangu kama bendera, na treni ya mizigo inakuja. Shangazi, hata asante sikumpa yule kijana. Nilimchapa mtoto makofi ya mapaja mbele ya wateja, kisha nikaingia ndani kulia mpaka vitumbua vikaungua.

Kila mtu ana lake la kuniambia. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu alipokuja kwa treni kutoka Kigoma, anasema mtoto amedekezwa, samaki mkunje angali mbichi, dawa ni fimbo. Kitreni cha plastiki alichonunuliwa na baba yake amekitupa, na mtoto alilia usiku mbili. Jirani anasema mtoto anayepanga vitu kwa mstari na kung'ang'ania kitu kimoja ana usonji (autism), ile hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Mume wangu akirudi kazini amechoka, anampa simu aangalie video za treni mpaka asinzie, saa nne, wakati mwingine saa tano usiku. Ukimnyang'anya hiyo simu, mtaa mzima unajua. Na shoga yangu kanishauri nimfunge kwa kanga kwenye mguu wa meza wakati nauza. Nilikaribia kufanya hivyo.

Si mtoto mbaya. Ana maneno mengi kuliko dada yake alipokuwa na umri huo. Jioni huniambia, "Teni imechoka, imelala Pugu." Nikipiga chafya ananipa pole. Tukikatisha reli kwenda sokoni hunikumbatia shingo kwa furaha mpaka nasikia moyo wake unavyodunda. Lakini usiku ukiingia sina nguvu hata ya kumpenda.

Naomba unijibu: ni mgonjwa? Nimchape? Au tuhame, asione treni tena?

Mama Behewa, Karakata


Marahaba mwanangu, na pole kwa hofu ya siku ile. Hofu ya namna hiyo haiishi kwa wiki moja.

Nianze na mlango. Mwite fundi leo aweke komeo juu, kimo ambacho mtoto hakifikii hata akipanda juu ya ndoo. Halafu ile saa ya vitumbua iwe na mtu mmoja wa kumwangalia, mtu anayejulikana: baba yake kabla hajatoka, au bibi yake. Usiseme tu "mwangalieni mtoto", maana mtoto anayeangaliwa na wote huwa haangaliwi na yeyote. Kanga kwenye mguu wa meza hapana. Hapo kuna jiko na mafuta ya moto, na mtoto aliyefungwa hawezi kukimbia yakimwagika. Na yule kijana wa bodaboda mpelekee vitumbua, umwambie ile asante aliyoikosa siku ile. Huyo ni mtu wa kuwa naye karibu.

Kuna maneno umeyaandika kama yanayopita, mimi nimeyarudia mara tatu: "tukikatisha reli kwenda sokoni." Mwanangu, hapo ndipo alipojifunza. Amevuka mataruma yale mikononi mwako mara ngapi, akiwa na furaha hiyo uliyoisikia kifuani? Kwa akili ya umri wake, mahali mama anapopita ni mahali salama. Huwezi kumwambia reli ni hatari asubuhi na kuikatisha naye mchana. Kuanzia sasa zungukeni mpite kwenye kivuko, hata kama sokoni mtafika mmechelewa. Pale kivukoni simameni hata kama hakuna kitu, mtazame huku na huku, useme kwa sauti: "Tunasimama. Tunasikiliza. Hakuna treni. Tunavuka." Atayashika maneno hayo kama wimbo na atakukumbusha siku utakayosahau. Treni ya mizigo iliyojaa huhitaji mamia ya mita mpaka isimame, na dereva hana usukani wa kumkwepea mtu. Ile mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, inaweza kufika kilomita 160 kwa saa, ndiyo maana njia yake imewekewa uzio. Reli yenu ya zamani haina uzio. Uzio wake ni wewe.

Sasa maswali yako. Kupenda kitu kimoja kupita kiasi katika umri huu si ugonjwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, akiwemo Judy DeLoache wa Chuo Kikuu cha Virginia, walieleza kwamba karibu theluthi moja ya watoto wadogo waliowachunguza walikuwa na mapenzi makali ya namna hiyo juu ya kitu kimoja, na wengi wao walikuwa wavulana. Magari, treni, wanyama. Mapenzi hayo huanza mapema, wengine hata kabla ya miaka miwili, kama wako.

Jirani yako ametaja usonji. Usimnunie, ila mwelewe vizuri. Kupanga viazi kwa mstari peke yake hakutoshi kusema lolote. Mimi si daktari, lakini nimesoma barua yako nikitafuta mambo mengine: anakuvuta mkono ili nawe uone anachokiona, anakupa pole ukipiga chafya, anatunga habari ya treni iliyochoka. Huyo ni mtoto anayetaka kushiriki dunia na wewe, na hilo linatia moyo. Angekuwa haitiki akiitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hakutazami usoni, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, ningekuambia uende kesho asubuhi. Hata hivyo kliniki nenda, kadi yake bado inatumika mpaka atimize miaka mitano. Usiishie kwenye mizani. Mweleze muuguzi kuhusu kugonga kichwa na kuuma, na umwombe waangalie masikio na maendeleo yake. Na kama siku moja wangekuambia kweli ni usonji, mtoto angekuwa huyu huyu, na ungepata watu wa kukusaidia mapema.

Kilichonishtua zaidi ya treni ni saa zake za kulala. Nimehesabu: analala saa nne au saa tano usiku, anaamka saa kumi na moja alfajiri, mchana halali. Hizo ni saa saba, au sita. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Mwanao anakosa saa nne au tano kila siku. Mtu mzima akikosa saa hizo kwa wiki moja tu hasalimiki. Naamini sehemu kubwa ya kugaragara huko ni uchovu unaovaa sura ya treni.

Kwa hiyo simu ya usiku iondoke. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Kaa na mumeo kwanza, mkubaliane, maana mmoja akilegea siku ya tatu mtakuwa mmemfundisha kwamba kulia kwa siku tatu kunalipa. Anzeni Ijumaa ili usiku mbaya wa kwanza uangukie siku ambazo mna nafasi. Atalia. Usiku wa kwanza na wa pili vitakuwa vigumu sana, kaeni naye gizani, mmoja baada ya mwingine, simu ikiwa haionekani kabisa.

Hapa ndipo ninapomtaka mama mkwe wako. Umeandika kwamba alikuja kwa treni kutoka Kigoma. Mwanangu, huna habari ya hazina uliyonayo ndani ya nyumba! Mimi nimekulia Tabora, pale reli inapogawanyika, moja kwenda Mwanza na nyingine Kigoma, na najua mtu aliyesafiri njia ile hasahau. Mwombe, kwa adabu zote na kama anayehitaji msaada, kwamba kila usiku amsafirishe mjukuu wake. Taa ikizimwa, bibi anaanza polepole: "Kigoma. Treni inapiga honi. Tunafika Uvinza, watu wanauza chumvi. Kaliua. Urambo. Tabora, kuna asali. Itigi. Manyoni. Saranda, kuna kuku wa kuchoma. Dodoma..." Sauti ile ile, vituo vile vile, kila siku. Wiki ya kwanza watafika Pugu wote wawili macho wazi. Baada ya hapo sidhani kama atakuwa anavuka Tabora.

Nakuomba usishindane naye kuhusu fimbo mbele ya watu. Mama mkwe akishindwa mbele ya mkwewe, nyumba nzima inalipa. Mkiwa wawili mwambie kwamba siku ile uliogopa, ukampiga, na kesho yake alijaribu tena kukimbilia relini. Najua hukuandika hivyo, lakini naamini alijaribu. Kipigo kwa mtoto wa umri huu hakimfundishi kwamba treni inaua. Kinamfundisha kwamba mama anapiga, na siku nyingine atakwenda kwa kujificha, jambo ambalo ni baya zaidi kwa mtoto anayeishi kando ya reli. Yule samaki mbichi wa methali hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukimpiga, anavunjika. Nawe, kama bado hujafanya, mkae chini na mtoto wako umwambie: "Siku ile mama aliogopa akakupiga. Niwie radhi. Relini hatuendi bila mkono wa mama." Ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Nije kwenye swali la kuhama, ambalo ndilo lenye jibu ninalolijua kwa mwili wangu. Mwanangu wa tatu alikuwa na kuku. Kuanzia miaka miwili mpaka karibu minne, kuku tu. Alilala na unyoya mkononi, alikataa kuvaa nguo kwa sababu kuku havai, alilia sokoni mbele ya matenga. Nilipigana na kuku wale mwaka mzima. Siku moja marehemu mama yangu akaniambia, "Mwambie aende akahesabu mayai, lakini mayai yanahesabiwa na mtu aliyevaa." Alivaa mwenyewe, bila vita, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nilisimama pale mlangoni nikaona jinsi nilivyochelewa kuelewa. Nilikuwa navuta kamba upande wangu, na mtoto alikuwa ameshanionyesha upande anaoweza kutembea. Leo ni mtu mzima, fundi cherehani, na habari za kuku zimekwisha kabisa.

Basi mpe treni, lakini wewe ndiye stesheni masta. Tafuteni mahali, jiwe kubwa au mti, mbali na reli kwa hatua thelathini au zaidi, palipo na kitu kati yenu na njia. Lipakeni chokaa. Hiyo ndiyo stesheni yake. Mtakwenda mara mbili kwa siku, baada ya vitumbua na jioni, akiwa ameshika mkono, na treni hutazamwa kutokea hapo tu. Abiria wote wa dunia husubiri nyuma ya mstari, mwambie hivyo. Akichomoka kuelekea reli, safari imekwisha papo hapo, mnarudi nyumbani hata akilia, bila matusi wala hotuba, na jioni mnajaribu tena. Sheria hii moja usiilegeze hata siku ya kuzaliwa kwake. Kwenye mambo mengine unaweza kumwachia kidogo: akitaka kula karibu na mlango uliofungwa, ale. Akitaka shati moja wiki nzima, lifue usiku.

Kabla ya kuondoka stesheni mwambie kinachofuata. "Dakika tano" kwake ni maneno matupu, ila anajua vitu. "Tunahesabu mabehewa, tunapunga mkono, tunakwenda kuosha treni." Na treni inayooshwa ni yeye, kwenye beseni, magurudumu ndiyo miguu. Mchana tumia maneno yake mwenyewe: treni imechoka, imelala Pugu, na sisi tunalala mpaka iamke. Usiyatumie kwa kila jambo la siku nzima, utachoka wewe na yeye atakinai. Kuoga, kulala na kuondoka mahali vinatosha. Na usimdanganye kwamba treni imeharibika. Ana masikio makali kuliko yako, honi ikilia atajua mama yake si mkweli.

Akishaanguka na kugaragara, ulimi wako uwe mfupi. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kufanya kila linalomjia iko nyuma ya paji la uso, na huendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka 20, sembuse yeye. Wakati ule hasikii hoja. Mwekee kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, sogeza vitu vigumu, kaa karibu, sema tu, "Umekasirika. Mama yupo." Akiuma, mtoe mwilini mwako mara moja, useme "Hapana, kuuma kunaumiza," usizidishe. Wapo watakaokuambia umuume nawe ili asikie uchungu. Usifanye. Na konda akikuuliza umemlea vipi, huna deni la kumjibu.

Kitreni kilichotupwa hakina haja ya kununuliwa kingine. Maganda ya viberiti, uzi na sindano vinatosha, na ningependa bibi yake ndiye akae naye kuviunganisha, ili mkono uliotupa uwe ndio mkono uliotengeneza. Hilo usiliseme, liache litokee.

Baba naye ana kazi yake. Ile treni ya umeme ilipoanza, nauli ya Dar es Salaam hadi Pugu ilitangazwa shilingi 1,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa chini ya miaka minne halipi. Aulizie nauli na ratiba za sasa, kisha siku moja ya mapumziko wapande wawili tu, waende warudi. Huyo mtoto anayedhani treni ni kitu cha kukimbilia ataiona kwa ndani, ambako watu wamekaa kwenye viti vyao wametulia. Nawe siku hiyo usifue, usipike. Lala. Umeniandikia kwamba usiku huna nguvu hata ya kumpenda. Hiyo si dalili ya mama mbaya, mwanangu. Unaamshwa saa kumi na moja kila siku, unasimama motoni, na usiku mtoto halali mpaka saa tano. Wewe pia unadai saa zako za usingizi.

Niandikie baada ya mwezi, uniambie wanasinzia kituo gani. Nisalimie mama mkwe wako sana, na umuulize kwa niaba yangu enzi zake kuku wa Saranda alikuwa shilingi ngapi.

Shangazi